Agapiti Kavishe na Mipapai Dume ya Mbwara

Wasifu wa marehemu Agapiti Lucas Kavishe (1947–1998), unaosomwa na mdogo wake Theopista, Kibiti, Jumamosi tarehe 20 Juni 1998

Marehemu hakuacha wosia mrefu. Aliniachia mimi, mdogo wake ninayeusoma wasifu huu, agizo moja tu: usomwe wote, na pale panapotajwa ugumba pasirukwe. Alisema watu hupenda kumwosha marehemu mpaka kwenye wasifu, wakatoka makaburini wakiwa wamemzika mtu wasiyemjua, na yale magumu wakamwachia mjane ayabebe peke yake. Mjane huyo ni Devotha, amekaa hapo mbele. Hana mtoto, na sote tunajua mjane asiye na mtoto huangaliwa kwa macho gani ukoo unapokaa kugawana vitu. Kwa hiyo atakayeona haya kwa yatakayosomwa, aone haya taratibu. Msomaji hatanyamaza.

Agapiti alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 katika kijiji cha Keni, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Lucas Kavishe na Mama Paulina, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Wa kwanza ni kaka Joachim, ambaye leo ndiye mkubwa wa ukoo, na wa mwisho ni mimi. Alibatizwa mwezi uleule kwa jina ambalo huku pwani walilikata likawa Agapi, kisha Bwana Agapi, na mwishoni Bwana Mapapai.

Mambo ya mimea yalimwanza mapema, na yalimwanza kwa fimbo. Akiwa mtoto mdogo aligundua kwamba maboga ya mama yana maua ya namna mbili. Mengine yana kiboga kidogo chini yake, mengine yamesimama juu ya kikonyo kitupu. Akaamua kwamba haya ya kikonyo kitupu yanakula chakula cha wenzao bure. Basi kila asubuhi akapita shambani akiyachuma, akijisifu moyoni kuwa anamsaidia mama. Msimu ule Mama Paulina hakuvuna boga hata la kumgawia jirani. Viboga vyote vilinyauka na kudondoka vikiwa havijazidi kidole gumba. Siri ilipofichuka mama alimchapa kwanza, kisha akamweleza kwamba yale aliyoyachuma ndiyo yaliyokuwa waume. Kaka yetu aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, hasa alipokutana na mkulima anayeona aibu kwa kukosea.

Alisoma shule ya misheni hapo nyumbani kuanzia mwaka 1955, akaendelea na masomo ya kati na ya sekondari hadi 1966. Mwaka 1967 alichaguliwa kwenda chuo cha kilimo mkoani Morogoro, akatunukiwa cheti mwaka 1969. Mwaka wake wa kwanza chuoni aliugua matumbwitumbwi. Wenzake walimcheka kwa mashavu yake, naye aliporudi likizo akatuigizia jinsi alivyokuwa akiongea bila kufungua mdomo, tukacheka na sisi. Ugonjwa ule ulimshuka ukamkalia sehemu za chini, akalala na homa kali. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo lina maana yoyote kwa siku za mbele. Alipona, akafanya mitihani na kufaulu vizuri.

Januari 1970 aliajiriwa na serikali kuwa bwana shamba, akapangiwa Wilaya ya Rufiji. Nyumbani tulidhani ameadhibiwa. Kule mlimani Rufiji ilijulikana kwa mambo mawili, mamba na mafuriko, na mama alimfungia rozari kwenye sanduku kana kwamba mamba husali. Alianzia Utete, akahamia Chumbi mwaka 1973, kisha Kibiti mwaka 1980, na hapa ndipo alipobaki. Viatu vyake vya mlimani vilioza msimu wa kwanza. Alijifunza mpunga wa bondeni kwa wenye mpunga wao, bila kujifanya mjuaji, na baada ya miaka michache alikuwa na Kindengereko, lugha ya wenyeji, cha kubishania bei sokoni. Kila Krismasi alipanda basi kurudi Keni, na kila Krismasi tulimtania, "Mndengereko amekuja." Alipenda utani huo kuliko alivyoonyesha.

Aliyewahi kutembea naye shambani anajua kwamba safari haikuwa inafika. Angesimama kwenye mahindi akaonyesha kwamba lile ua la juu ni dume na zile nywele za gunzi ni jike, mume na mke kwenye shina moja. Angesimama kwenye mkindu ambao akina mama wanakata majani ya kusukia mikeka, akasema huu hutoa unga wa maua tu, wa kuzaa ni ule kule ng'ambo. Halafu angeanza kueleza ilivyokuwa. Zamani sana, alisema, karibu kila ua lilikuwa nyumba moja, mume na mke ndani, na bado mengi yako hivyo mpaka leo. Lakini ua linalojioa lenyewe huzaa watoto dhaifu. Pakatokea mti ulioacha kutoa unga. Huo haukuweza tena kujioa, watoto wake wote wakawa na baba wa mbali, wakatoka na nguvu. Miti ya namna hiyo ilipokuwa mingi, ikawa faida kwa mti mwingine kuacha shida ya kuzaa na kumwaga unga kwa wingi. Hapo ndipo palipopatikana mti mume na mti mke. Haikuwa kwa siku moja wala kwa amri ya mtu, bali kizazi kwa kizazi, anayefaulu akiacha wengi zaidi. Katekista mmoja alimuuliza, "Na Mungu unamweka wapi, Bwana Agapi?" Akajibu kwamba anamweka palepale alipokuwa, ila amegundua kuwa Mungu hana haraka.

Mwaka 1986 alipelekwa Salale, kwenye delta ya mto, kwa kazi ya mpunga, kwa boti, maana huko hakuna njia nyingine. Alirudi akiwa na jambo lililomshughulisha kuliko mpunga. Aliona mikomafi, ile miti ya mikokoni yenye matunda mazito ya mviringo, ikichanua upande mmoja wa mkondo penye maji baridi, wakati upande wa pili penye chumvi ilikuwa bado imelala. Wenyeji walimwambia mkondo ule ulihamishwa na mafuriko, wengi wao walikuwa wanaukumbuka ulipokuwa zamani. Akasema huenda ni bahati tu ya mwaka ule, yeye si mtaalamu wa mikoko. Lakini kama ni kweli na kama itaendelea, nyuki wa upande huu hawatakuta ua wazi upande ule, na miti ile haitaoana tena. Kila upande utajizoeza maji yake. Ipite miaka isiyohesabika, siku mto ukiwarudisha pamoja watachanua wakitazamana na hakuna tunda. Watakuwa aina mbili. "Kinachozuia," alituambia Krismasi ile huku akikata nyama, "ni unga kidogo tu unaovuka. Ndiyo maana napanda basi kuja kwenu. Nikiacha, watoto wenu na watu wangu wa Kibiti hawatatambuana." Kaka Joachim akamwambia ale, nyama inapoa.

Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa na Devotha, binti wa Mahenge, muuguzi aliyekutana naye Utete. Posa yake ilikuwa ya ajabu. Alimpelekea mche wa mpapai kwenye kopo la maziwa.

"Ni dume au jike?" Devotha akamuuliza.

"Hajulikani mpaka achanue. Tutasubiri pamoja."

"Na asipochanua?"

"Tutakuwa tumekaa pamoja tukisubiri."

Mpapai ule ulichanua dume. Jirani akaja na panga kusaidia, Devotha akamzuia akisema mti huo haujamkosea mtu. Ukaendelea kusimama nyuma ya nyumba mpaka walipohama.

Nao walisubiri. Ilipita miaka na hawakupata mtoto, na kila mwaka uliopita ulimhukumu mtu mmoja tu. Devotha alipimwa, akapimwa tena, akanyweshwa dawa za hospitali na dawa za mlimani. Alivumilia maswali ya wifi na shemeji kwa uso mkavu. Kwa kuwa ni muuguzi, alimwambia mumewe mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, kwamba na yeye akapimwe. Mumewe alicheka. Alisema kwao wanaume hawana shida hiyo. Mtu aliyeweza kueleza ndoa ya boga kwa saa nzima hakutaka kusikia habari ya kwake. Hatumwoshi, tunasema kama ilivyokuwa. Wanaume ndivyo walivyo, hata wazuri.

Sasa tunafika Mbwara. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, na malori ya watu binafsi yalianza kushuka mpaka vijijini kutafuta matunda ya kupeleka Dar es Salaam. Akina mama wa Mbwara walianzisha kikundi, mwenyekiti wao Bi Siti, ambaye yuko hapa leo na ameomba asitajwe umri. Wakataka shamba la mapapai. Kaka yetu aliotesha miche hapa Kibiti, akaivusha mto pale Ndundu kwa pantoni, na masika ya mwaka 1988 akawaonyesha jinsi ya kupanda mitatu kila shimo, kwa sababu mpapai hautambuliki ungali mchanga. Aliwaambia wakati wa kuchanua wapunguze, wabakize majike na madume machache huku na huku.

Hilo la madume machache halikuingia. Pwani yote hapa mpapai dume hauna mtetezi. Hauzai, kivuli chake si kivuli, na mtu akiusamehe basi ni kwa kuupigilia msumari kwenye shina, ati ugeuke jike. Madume yalipoanza kuning'iniza maua yao marefu, akina mama waliingia shambani kwa panga na vigelegele, hawakubakiza hata mmoja. Shamba likabaki la majike matupu, mazuri, yamenawiri. Yakachanua, na maua yakapukutika. Yakachanua tena, yakapukutika tena. Hapa na pale vilishika vipapai vidogo, vyembamba, visivyo na mbegu ndani, na mwenye lori alivitazama akawasha gari lake.

Februari 1989 kaka yetu aliitwa Mbwara. Maneno yalikuwa yameshafika wilayani kwamba bwana shamba amewapa wanawake miche mibovu, na kazi yake ilikuwa hatarini. Aliwakuta wamekaa kwenye mkeka wakimsubiri.

"Bwana shamba, miche yako yatutia aibu," Bi Siti alimwanza. "Maua yaja, yapukutika. Waume zetu watucheka, watuambia tumefuga miti tasa."

Yeye akatembea shamba zima kwanza, akarudi. "Bi Siti, madume yako wapi?"

"Tumekata. Dume hazai, ala mbolea tu. La nini?"

"Na mumeo Mzee Mshamu, amezaa mara ngapi?"

"Mzee Mshamu azae yeye nani?"

"Mbona hujamkata?"

Mkeka mzima uliangua kicheko, na Bi Siti mwenyewe akajifunika uso kwa khanga. Baada ya hapo waliweza kusikilizana. Aliwasimulia habari ya maboga ya mama yake na fimbo aliyokula. Kesho yake alfajiri akapanda baiskeli hadi Chumbi, kwa rafiki yake Mzee Mtoro, ambaye alikuwa na mpapai dume uani. Mti huo ulisalimika kwa sababu ulikuwa umefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Akachuma maua, akayafunga kwenye kitambaa kibichi, akarudi nayo Mbwara. Akachagua mpapai mmoja tu, akagusisha unga wa maua yale kwenye kila ua lake lililo wazi, akaufunga shina kwa kipande cha khanga nyekundu. Mingine yote hakuigusa. Akasema, "Nihukumuni kwa huu."

Mwezi ulipoisha mpapai wenye khanga ulikuwa umeshika matunda kuzunguka shina, na jirani zake wote walikuwa watupu. Bi Siti aliuzunguka akiutomasa, kisha akasema maneno ambayo Mbwara wanayo mpaka leo: "Kumbe tulimkata baba mwenye nyumba." Visiki vya madume vilikuwa vimechipua vyenyewe pembeni, na safari hii viliachwa. Mwenye lori alirudi. Kisiki kimoja baadaye kilimfunga kaka yetu mdomo, kwa kuwa kilitoa mapapai matatu ya kuning'inia kwenye vikonyo virefu, dume likizaa mchana kweupe. Bi Siti akasema ni msumari wake. Yeye hakukubali msumari, lakini alifurahi kama aliyepewa zawadi, akawa anatuambia kwamba mpapai bado haujamaliza kuamua, na sisi tunautazama ukiwa katikati ya safari.

Jioni aliyorudi Kibiti baada ya kuuona mti ule wenye khanga, hakula. Devotha ndiye aliyetusimulia haya, na ameruhusu yasomwe. Alikaa jikoni akimtazama mkewe akipika, mwishowe akamwambia, "Mama, maua yale yalikuwa mazima. Yote yalikuwa mazima. Kosa halikuwa kwao." Devotha aliendelea kusonga ugali, kwa kuwa jambo hilo alikuwa ameshalisema miaka mingi. Akaongeza, "Nitakwenda kupimwa." Alikwenda Dar es Salaam Septemba 1989. Daktari alimwambia kwamba hana mbegu, akamuuliza kama aliwahi kuugua matumbwitumbwi akiwa kijana. Alirudi Kibiti, akampigia mkewe magoti sebuleni mlango ukiwa wazi, watu wakipita.

Ikaja Krismasi ya mwaka ule. Kule Keni ukoo ulikuwa umeshaamua. Kaka Joachim alikuwa amemtafutia mdogo wake mke wa pili, binti wa watu, na wazazi wa binti walikwisha kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuanzia mazungumzo. Devotha alijua. Alikuwa jikoni na sisi wanawake, akimenya ndizi kwa kisu. Sisi tulijua kwamba yeye anajua, na tuliendelea kuongea habari za bei ya kahawa.

Nje, mbele ya wanaume wote wa ukoo, marehemu alisimama. Wengi wenu wa Keni mlikuwepo. Aliwaeleza mipapai ya Mbwara tangu mwanzo, miche, mapanga, maua yaliyopukutika, na wazee wakadhani amelewa. Kisha akasema:

"Kaka Joachim, nakushukuru kwa kunihangaikia. Ila huyo binti mrudishieni baba yake kwa heshima. Mkiniletea wa pili, mkaniletea na wa tatu, watapukutisha maua vilevile. Devotha ni mzima. Asiye na unga ni mimi. Nimepimwa, nimeambiwa."

"Kaa chini, Agapiti," Joachim alisema. "Watu wanakunywa."

"Nitakaa. Lakini mkitaka kukata, mjue mnayemkata ni nani."

Hakuna mwanamume niliyewahi kumsikia akisema hivyo mbele ya wanaume wenzake. Kule jikoni kisu kilimdondoka Devotha. Mama Paulina akakiokota, akakaa karibu naye na kumalizia zile ndizi. Asubuhi yake, kaka Joachim alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale, akalifunga fundo na kuliweka kizingitini mwa Devotha. Kwa wageni wetu wa pwani: kwetu mtu akikuwekea isale amekuomba msamaha, na isale halikataliwi. Devotha alitoka, akaliokota, akalichomeka kwenye kilemba chake akashinda nalo kutwa nzima. Kaka Joachim, usiiname. Ulifanya vizuri.

Mwaka 1994 serikali ilipopunguza wafanyakazi, marehemu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Wengi walivunjika moyo. Yeye alifungua kitalu cha miche hapa nyuma ya nyumba, miembe, michungwa na mipapai, na kila mnunuzi wa mpapai alipewa pamoja na mche somo ambalo hakuliomba. Aliyesema anataka majike tu aliambiwa akanunue kwingine. Jirani walianza kumwita Bwana Mapapai, na wapo waliojua habari yake wakamwita Dume kwa dhihaka. Alipolisikia jina hilo aliitikia, "Naam," kwa sauti kubwa, akauliza wanataka miche mingapi. Jina likachoka lenyewe. Nilipomuuliza kama halimuumi, alisema linamuuma, na kwamba si kila kinachouma lazima kijibiwe. Mbegu alizokuwa akitoa kwenye mapapai yake alitutumia Rombo kila mwaka kwa mtu yeyote anayepanda basi, ingawa kwetu kuna baridi na mipapai haina raha. Michache ilishika. Upo mmoja nyuma ya nyumba ya kaka Joachim, dume, na haukatwi.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 1996, akagundulika kuwa na kisukari. Mwishoni mwa mwaka jana figo zilishindwa, na mvua zile kubwa zilizokata barabara zilifanya safari za matibabu kuwa mateso. Devotha alimuuguza kwa mikono yake, kama mke na kama muuguzi, na hatukumsikia akilalamika isipokuwa mara moja, alipomkuta mgonjwa wake ametoroka kitandani anamwagilia miche. Aprili nilikuja kukaa nao. Ndipo aliponipa lile agizo. Aliniambia, "Nikiwa hai nimesimama mbele ya Devotha. Nikishafunikwa watamsema tena. Wewe una mdomo, usome." Alifariki nyumbani kwake Kibiti siku ya Jumanne, tarehe 16 Juni 1998, asubuhi, Devotha akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Alichagua mwenyewe kuzikwa hapa, karibu na kitalu chake. Bi Siti na wenzake wamekuja kutoka Mbwara na miche mitatu ya mipapai ya kupanda kwenye shimo moja pembeni ya kaburi, na kaka Joachim amekuja na isale kutoka Keni, limefungwa kwenye gunia lenye maji. Vitapandwa pamoja. Itakayochanua, ichanue inavyotaka.

Nilipomaliza kuandika wasifu huu jana asubuhi nilimpa kaka Joachim ausome kabla haujapelekwa kuchapwa. Aliusoma, akaniambia, "Haya ya ugumba si ya kusomwa mbele za watu. Toa." Hata Devotha aliomba yatolewe, akasema, "Mwacheni apumzike na heshima yake. Mimi nimeshazoea kusemwa." Nikawaambia wote wawili kwamba ndiyo hasa sababu ya kuyasoma, na Devotha akaridhia. Kaka alitoka nje, akakaa muda mrefu kule kwenye kitalu. Aliporudi alisema niache kila neno mahali pake, ila mwisho, penye orodha ya walioachwa, kuna maneno yeye mwenyewe anataka yaingie. Nayaandika kama alivyoyatamka.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Joachim, na dada mmoja, Theopista. Ameacha wapwa, wajukuu wa ukoo, majirani wa Kibiti, marafiki wa Chumbi na Salale, na kikundi kizima cha akina mama wa Mbwara. Watoto hakuacha, na sababu mmeisikia kutoka kwake.

Ameacha mke, Devotha. Haya sasa ni maneno ya kaka Joachim:

"Huyu si mjane wa kuulizwa amezaa nini. Ni wetu. Kihamba cha Agapiti kule Keni ni chake, nyumba, migomba na kahawa iliyomo. Akitaka kukaa Keni akae, akitaka kukaa Kibiti akae, na hakuna wa ukoo atakayempelekea panga. Usome maneno haya, kisha nisimame wote wanione."

Kaka Joachim, tafadhali simama.

Na wewe Agapiti, umesomwa wote, hapakurukwa kitu. Lala sasa. Mungu akupe pumziko la amani.